Pawa Kumi na Sita

Mzani wa Shule ya Bweni Lupondo ulikuwa na adabu kuliko walimu wote. Haukufoka, haukunuka tumbaku, haukumwita mtoto wa watu mbuzi. Ulikaa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, mkubwa kiasi cha redio ya babu, ukamsikiliza kila mtu mpaka mwisho. Kisha uliwasha taa moja kati ya mbili. Kijani, umesema kweli. Nyekundu, umesema uongo. Halafu ukatamka kwa upole, kama nesi anayeita mgonjwa: "Shauri linalofuata."

Jumatano saa nne asubuhi, mbele ya wanafunzi mia tatu na kumi na wawili, Sekela Mwambungu wa kidato cha tatu aliusogelea akasema, "Si mimi niliyetoa lile tangazo."

Taa nyekundu ikawaka.

Bwalo zima lilivuta pumzi. Katika safu ya nne, Ipyana Mwakibete hakuvuta. Alijua Mzani umekosea. Alilijua hilo kwa uhakika ambao hakuna mtu mwingine humo ndani alikuwa nao, kwa kuwa aliyetoa lile tangazo alikuwa yeye.

Tangazo lenyewe lilikuwa fupi na, kwa maoni ya mtunzi wake, lenye ufasaha. Jumatatu, baada ya chai, vipaza sauti vya shule vilitoa sauti ya Mkuu Kahemela mwenyewe, na kile kikohozi chake cha kutangulia, ikisema shule imefungwa ghafla na kila mwanafunzi afunge sanduku aende kwao. Ipyana alikuwa ameikusanya sauti ile neno moja moja kutoka hotuba za paredini kwa muda wa miezi miwili. Alitarajia kicheko cha dakika tano. Alipata mafuriko. Masanduku ya bati mia tatu yalitelemka kuelekea getini, na Mwalimu Mwasomola, mwalimu wa zamu, alipojaribu kuyazuia kwa kunyoosha mkono alijikwaa kwenye mojawapo akavunjika mguu mahali pawili.

Kisanduku kilichosema maneno yale sasa kilikuwa futi thelathini chini ya choo cha shimo, mahali ambapo hata haki haiendi kwa hiari yake.

"Sauti ile ilitoka kwenye mashine," alisema Mkuu Kahemela. "Hapa shuleni, mwenye mashine ya kusemea ni mmoja tu."

Macho yote yakahamia kwenye shingo ya Sekela. Alipokuwa na miaka tisa uvimbe ulimla koo, madaktari wakaliondoa, wakampa la bandia: mkanda mweusi unaosoma misuli ya shingo, unaigeuza kuwa namba, kisha unazigeuza namba kuwa sauti. Ilikuwa sauti nzuri, ila ilikuwa na ukakasi kidogo, kama mtu anayezungumza huku ameshika ufunguo kwa meno.

Mkuu aliweka kisanduku cha bati juu ya meza, kando ya Mzani, akafungua kifuniko. Ndani palikuwa na kitambaa kilichokatwa kwa umbo la mkanda.

"Sheria mnaijua. Mzani ukimthibitisha mtu kuwa muongo, haruhusiwi kuwa na mashine ya kusemea. Lakini kila mtu ana haki ya marudio mara moja. Marudio yako ni Jumamosi, Sekela. Taa ikiwa nyekundu tena, utaliweka koo humu ndani, na utarudi kwenu."

"Nitarudi bubu," alisema Sekela.

Hakuna aliyeuuliza Mzani kuhusu hilo.

*

Kesho yake, saa za michezo, wenzao walipokuwa wakipigiana mpira kwenye matope, Ipyana na Sekela walikuwa maabara ya fizikia, maana Ipyana alijitolea kulitengeneza koo. Ufunguo walipewa na Mwalimu Rweyongeza, ambaye alimwamini Ipyana, jambo lililomfanya Ipyana asiweze kumtazama usoni tangu Jumatatu.

Sekela alilivua koo akaliweka mezani. Akachukua chaki na kibao chake. *Ukiliharibu nakuua,* aliandika.

"Naomba uandike kwa hati nzuri, itasaidia polisi," alisema Ipyana. Utani ukatoka mkavu. Sekela hakucheka.

Ipyana aliliunganisha koo na kioo cha kupimia mawimbi, akalilisha mlio mmoja safi wa filimbi. Filimbi moja iliingia. Zikatoka tatu: moja kubwa, na mbili ndogo zinazonong'ona juu yake, ambazo hakuna aliyezialika.

"Hizo ndizo Mzani unazisikia," alisema Mwalimu Rweyongeza akiinama begani mwao. Mwalimu alikuwa na kigugumizi ambacho hulegea akiongelea fizikia na kukaza akiongelea kitu kingine chochote. "Mtu akidanganya, koo hukaza, na juu ya sauti hutokea vi-vilio vidogo. Mzani hutafuta hivyo tu. Koo la huyu binti linavitoa kila siku, hata akisalimia."

"Linavitoa wapi, Mwalimu?"

Mwalimu alilifungua kwa ncha ya kisu. Ndani kulikuwa na bamba jembamba lenye vijiraba kumi na sita, miraba midogo ya shaba.

"Kapasita. Kila moja ni kama kibuyu kinachojazwa umeme. Namba ikisema tano, vibuyu vitano vinamwagwa kwenye chungu kimoja. Ikisema kumi, vinamwagwa kumi. Namba zikipanda na kushuka, umeme chunguni unapanda na kushuka, na hiyo ndiyo sauti. Shida ni moja." Akagusa kijiraba cha saba. "Vibuyu vinatakiwa kulingana. Havilingani. Hiki kimepungua nusu ya asilimia. Na kwa kuwa daima wanaanza kumwaga cha kwanza, cha pili, cha tatu, kwa mpangilio uleule, kila sauti ikipita hapa ina-inachechemea. Palepale, kila mara. Kosa lenye mazoea, ndiyo hizo filimbi mbili."

"Tuvilinganishe basi."

"Kwa kifaa gani, kijana? Wenye viwanda wanafanya kwa mashine kubwa kuliko bwalo."

Ipyana alichukua wembe. Kama kijiraba cha saba ni kidogo, akawaza, vingine vipunguzwe vikifuate. Alikwangua cha kwanza. Akapima. Alikwangua cha pili, kikawa kidogo kuliko cha saba. Akarudi kwa cha kwanza. Alikuwa kama kinyozi anayesawazisha huku, kisha kule, mpaka mteja anabaki na upara. Baada ya saa nzima kwenye kioo kulikuwa na filimbi tano.

Sekela alilivaa koo lake. "Ipyana," alisema, na sauti ikatoka kama bati linaloburutwa juu ya kokoto. Akaweka mkono shingoni, macho yametoka.

Mwalimu Rweyongeza aliuchukua wembe taratibu kutoka vidole vya Ipyana. Akaufunga kwenye karatasi, akautia mfukoni, akatoka.

*

Ijumaa mchana Ipyana alisimama kwenye mstari wa wachotaji maharage, bila hamu ya maharage wala ya dunia.

Lupondo walikuwa na utaratibu ambao wageni waliuona wa kipuuzi. Wachotaji walikuwa kumi na sita, kila mmoja na upawa wake, na pawa zote zilikuwa kazi ya karakana ya shule, yaani hazikufanana hata mbili. Upawa wa saba ulikuwa na kitako kilichopigwa nyundo kwa hasira na mtu asiyejulikana, ukachota pungufu tangu siku hiyo. Meza ya watu watano ilichotewa na wachotaji watano wa kwanza. Lakini meza iliyofuata haikuanza na mchotaji wa kwanza. Ilianza na wa sita. Iliyofuata ilianzia pale hiyo ilipoishia, na hivyo hivyo, mpaka sufuria likwanguliwe.

Sababu ilikuwa ya kihistoria. Zamani kila meza ilianza na mchotaji wa kwanza, na upungufu ukawaangukia walewale kila siku. Meza hizo zilizalisha wanafunzi wembamba wanaotambulika mpaka leo kwenye picha za ukutani. Mwishowe waligoma. Kamati ya chakula ilikaa siku tatu kujadili namna ya kutengeneza pawa zilizo sawa, ikashindwa, na mpishi Mama Tumpe akasema maneno yaliyoandikwa juu ya mlango wa jikoni kwa rangi nyekundu: MSISAWAZISHE PAWA, ZUNGUSHENI WACHOTAJI.

Ipyana alikuwa ameyasoma maneno hayo mara tatu kwa siku kwa miaka mitatu. Siku hiyo aliyasoma mara moja zaidi, na upawa ukamtoka mkononi ukatumbukia sufuriani.

"We mtoto!" Mama Tumpe alipiga kelele. "Maharage yamekukosea nini?"

"Mama, shikamoo," alisema Ipyana, ambaye alikuwa ameshamwamkia asubuhi. "Mama, wewe ni mhandisi."

"Na wewe ni mgonjwa. Toa upawa wangu humo!"

Hakuutoa. Alikimbia.

*

Saa kumi jioni mvua ilikuwa ikinyesha juu ya bati la maabara, mvua ya Rungwe isiyojua kuomba ruhusa. Ipyana aliandika mistari michache tu ya programu. Namba ikisema tano, tumia kapasita tano. Namba ijayo, anzia pale zilipoishia tano hizo. Mara mojamoja ruka moja, kwa bahati nasibu, kosa lisipate mazoea mapya. Vijiraba alivyovikwangua viliendelea kuwa vibovu. Safari hii hakuna hata kimoja alichokigusa.

Alilisha filimbi moja. Kwenye kioo ikatoka moja.

Chini yake, badala ya zile nne nyingine, kulikuwa na ukungu mwembamba uliotanda kote, kama manyunyu. Kosa halikuondoka. Lilikuwa limegawanywa kwa kila sauti, kidogo kidogo, mpaka hakuna aliyeshinda njaa.

Sekela alilivaa. "Naitwa Sekela," alisema, kisha akanyamaza na kujisikiliza. Ukakasi haukuwepo. Ule ufunguo mdomoni ulikuwa umetemwa. Alisema tena, polepole, "Naitwa Sekela," na macho yake yakajaa maji, naye akaangalia dirishani kana kwamba ana shughuli na mvua.

Kabatini palikuwa na mzani mdogo wa kufundishia. Ipyana aliuwasha.

"Naitwa Sekela."

Kijani. Ipyana aliruka, akagonga goti kwenye meza, hakusikia maumivu.

"Jaribu uongo sasa. Tuone nyekundu."

"Mimi ni askofu."

Kijani.

Wakacheka mpaka wakashikilia meza. "Mhashamu!" alisema Ipyana. "Naomba baraka!"

"Nina mapacha sita," alisema Sekela kwa unyenyekevu.

Kijani.

"Ipyana Mwakibete ni mtu mwenye akili timamu."

Kijani. Hapo kicheko kikaanza kuwaishia, kwanza Sekela, kisha yeye.

"Haukamati," alisema Sekela.

Ipyana alikodolea kioo. Vilio vya mtu anayedanganya vilikuwa vidogo mno, vidogo kama manyunyu yale, na sasa manyunyu yalikuwa yamevifunika. Mzani ulitafuta kilichopinda. Usipokiona, uliwasha kijani. Hakuna aliyewahi kuufundisha kusema *sijui.*

"Kesho nitapita," alisema Sekela. "Nitapita kwa kuwa nasema kweli. Lakini ningepita hata kama ningekuwa nimefanya."

"Wewe hukufanya."

"Unajuaje?" Alimgeukia. "Siku tatu shule nzima inaniangalia kama mwizi. Hata Bupe tunayelala naye kitanda kimoja cha juu na chini amenifungia kabati lake. Wewe hujaniuliza hata mara moja kama ni mimi. Hata mara moja, Ipyana."

Ipyana alianza kuzungusha waya kidoleni.

"Sogea kwenye mzani," alisema Sekela.

"Hakuna haja," alisema Ipyana. Sauti yake ilikuwa katika umri ule wa kuvunjika, ikapanda na kushuka kama mbuzi kwenye ngazi. "Ni mimi."

Sekela hakupiga kelele. Angepiga, ingekuwa nafuu. Alikaa kwenye kigoda, mkono juu ya mkanda wa shingo.

"Gwe," alisema, yaani wewe, kwa lugha ya nyumbani, kisha akaendelea. "Ulikuwa unanitengenezea koo ili usitengeneze kosa lako."

"Nilifikiri nikilisawazisha hili, hakuna atakayeumia."

"Na kesho Mkuu akiniuliza kama namjua aliyefanya?"

Ipyana aliuzima mzani mdogo, akaurudisha kabatini.

*

Jumamosi bwalo lilijaa kabla ya kengele. Kisanduku cha bati kilikuwa wazi mezani. Mwalimu Mwasomola alikuwa mbele, mguu wake katika plasta nyeupe umelazwa juu ya kiti cha pili kama mgeni wa heshima.

"Si mimi niliyetoa lile tangazo," alisema Sekela.

Kijani.

Mnong'ono ukapita bwaloni. Mkuu Kahemela alikohoa kile kikohozi chake, na wanafunzi kadhaa, kwa mazoea mabaya, wakageuka kutafuta masanduku yao.

"Vema. Unamjua aliyelitoa?"

Sekela alitazama safu ya nne. Ipyana alitazama magoti yake.

"Simjui," alisema Sekela.

Kijani.

"Shauri linalofuata," ulisema Mzani.

Kwa hiyo imekwisha, aliwaza Ipyana. Alisubiri nafuu. Haikuja. Badala yake Mkuu aligeuza karatasi.

"Mashine ya kutolea sauti haiwezi kutengenezwa bila vifaa vya maabara. Ufunguo wa maabara anao mtu mmoja. Mwalimu Rweyongeza, tafadhali."

Mwalimu Rweyongeza alisimama. Uso wake ulikuwa na rangi ya jivu. Kila mtu bwaloni alijua Mzani ulivyowafanyia wenye kigugumizi: miaka miwili nyuma ulimthibitisha mlinzi wa geti kuwa muongo kwa sababu alishindwa kutamka jina lake mwenyewe. Mwalimu alitembea kuelekea mezani huku midomo yake ikijaribu sentensi moja tena na tena, bila sauti.

Hapo Ipyana akaona kitu ambacho kioo cha mawimbi hakikumwonyesha. Kosa halikuondoka. Lilikuwa limetoka kwenye sahani ya Sekela likahamia kwa aliyefuata kwenye mstari, na lingeendelea kuzunguka, na kila litakapotua mtu angelala njaa, wote isipokuwa aliyeupiga upawa nyundo.

"Mkuu!" Alikuwa amesimama. "Ni mimi."

Mia tatu na kumi na wawili wakageuka. Alitembea mpaka mezani, akampita Mwalimu, akainama.

"Ni mimi niliyetoa lile tangazo."

Sauti ilianza kwenye besi, ikavunjika katikati, ikamalizia kwenye paa.

Nyekundu.

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wote. Ipyana Mwakibete! Nani mwingine angefanya mzaha saa kama hii?

"Kaa chini," alisema Mkuu Kahemela kwa ubaridi. "Ukorofi wako nitaushughulikia baadaye."

"Mkuu, nasema kweli! Kisanduku kiko chooni, kile cha shimo—"

Nyekundu. Kicheko kikapanda mpaka darini. Mwalimu Mwasomola peke yake hakucheka. Alikuwa akimtazama Ipyana kwa makini, kama mtu anayesahihisha mtihani.

"Mzani umesema. Mwalimu Rweyongeza, endelea."

Mwalimu aliinama. "Mi-mi-mi—"

"Samahani, Mkuu."

Sekela hakuwa ameondoka pembeni mwa meza. Sauti yake ilikuwa safi, laini, isiyo na ukakasi, na bwalo likanyamaza kwa sababu halikuwahi kuisikia hivyo. Alikitazama kisanduku cha bati kilichofunguliwa kwa ajili ya shingo yake. Kijani chake alikuwa nacho tayari. Hakuna aliyemwomba chochote.

Aliusogelea Mzani.

"Mimi ni askofu," alisema.

Kijani.

"Nina mapacha sita."

Kijani.

"Mguu wa Mwalimu Mwasomola haujavunjika."

Kijani. Wote wakautazama mguu. Mguu haukuwa na shaka yoyote.

"Nilidanganya hapa sasa hivi," alisema Sekela, na mkono wake ukapanda ukashika mkanda, kana kwamba anauaga. "Namjua aliyefanya. Ni huyu."

Kijani.

"Shauri linalofuata," ulisema Mzani kwa upole wake wote.

Mkuu Kahemela aliitazama taa, akamtazama Sekela, akamtazama Mwalimu Rweyongeza aliyekuwa bado ameinama na silabi moja mdomoni. Huenda alimkumbuka mlinzi wa geti. Alinyoosha mkono nyuma ya meza, akachomoa waya.

Taa zote mbili zikazimika. Alizunguka meza akasimama mbele ya Ipyana, karibu kiasi cha Ipyana kuona kwamba Mkuu naye alikuwa na kijasho juu ya mdomo.

"Niambie mimi," alisema. "Ni wewe?"

"Ni mimi, Mkuu." Sauti ikavunjika palepale.

Hakuna taa iliyowaka. Mkuu alimtazama machoni, akaendelea kumtazama, na ilionekana wazi kuwa ni kazi ambayo hakuwa ameifanya kwa miaka mingi, na kwamba ilikuwa ngumu.

"Ni yeye," alisema hatimaye. Kisha akafunga kisanduku cha bati, kikiwa kitupu, akakitia kwapani.

*

Ipyana aliambiwa afunge sanduku lake; Jumatatu angerudi kwao kungoja bodi ya shule. Ila wachotaji walikuwa kumi na sita, na Mama Tumpe hakuambiwa chochote kuhusu bodi. Alimkabidhi upawa uliokuwa zamu yake mchana huo. Ulikuwa wa saba.

Meza ya Sekela ilifika. Alinyoosha sahani bila kumtazama. Ipyana alichota, akamwaga.

"Umepungua," alisema Sekela.

"Najua."

Ipyana alichukua sahani yake mwenyewe iliyokuwa pembeni ya sufuria, akaiinamisha juu ya sahani ya Sekela mpaka ikabaki mchuzi tu. Ilikuwa kinyume cha utaratibu. Mama Tumpe aliona, akageukia moto.

Sekela aliiweka sahani ukingoni mwa meza, mstari wote ukimsubiri.

"Mwalimu Mwasomola anahitaji mtu wa kumbebea daftari mpaka Jumatatu," alisema. "Nimemwambia utakwenda."

"Ulimwambia lini?"

"Bado," alisema Sekela, na akaenda kumwambia.